Dapagliflozini: kidonge cha kisukari kilichohamia kwenye moyo

Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu, hiki ni kati ya vidonge vyenye ushahidi mzito zaidi. Matumizi ni mepesi mno: miligramu 10 mara moja kwa siku, uwe umekula au hujala, bila kupandisha dozi hatua kwa hatua.

Utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 4,744, ulionyesha hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, au ya hali kuzorota, ikishuka kwa asilimia 26. Wasio na kisukari walinufaika vilevile, na hilo ndilo lililobadilisha tiba. Dawa huzuia figo kurudisha sukari na chumvi kwenye damu. Mkojo huongezeka, mzigo wa moyo hupungua.

Kasoro zipo. Sukari kwenye mkojo hulisha fangasi sehemu za siri, kwa hiyo osha na ukauke vizuri. Anayemeza pia furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, anaweza kupungukiwa maji na kupata kizunguzungu. Mara nyingi daktari hupunguza furosemaidi. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ikipanda kidogo wiki za mwanzo, usikimbilie kuacha dawa.

La kuogopwa ni ketoni, yaani asidi zitokanazo na mwili kuchoma mafuta, kujaa kwenye damu hata sukari ikiwa karibu na kawaida: kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kuhema haraka. Dawa husimamishwa angalau siku 3 kabla ya upasuaji mkubwa, na pia wakati wa kutapika au kuharisha sana. Mwenye kisukari aina ya kwanza asiiguse.