Papahānaumokuākea na Palau: njia mbili za kufunga bahari

Papahānaumokuākea, eneo la bahari na visiwa kaskazini-magharibi mwa Hawaii, ilihifadhiwa mwaka 2006, ikapanuliwa 2016 hadi takriban kilomita za mraba milioni 1.5. Uvuvi wa biashara ni marufuku. Wenyeji wa asili wa Hawaii huruhusiwa kwenda kutimiza mila zao, ila kwa kibali. Kibali cha kuwaendea mababu zako mwenyewe!

Njia ya Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, naipenda zaidi, maana ilianzia kwenye mila yenyewe: bul, amri ya machifu ya kufunga mwamba kwa muda ili samaki wazaliane. Tangu Januari 2020, asilimia 80 ya bahari yake ya kiuchumi, yaani bahari ambayo nchi ina haki pekee ya kuitumia, imefungwa. Inayobaki ilitengwa hasa kwa uvuvi wa kulisha soko la ndani. Gharama ipo: kukosa ada ambazo meli za kigeni za jodari zingelipa.