Kisanduku cha rangi 12 na garimoshi la tani 252: kinatosha?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Mmekuwa mkiniuliza natumia rangi gani za maji kuchora treni, basi leo nimekuja nayo mezani. Ni hii hapa. Winsor & Newton, aina ya Cotman, kile kisanduku cheupe kidogo chenye vidonge 12 vya rangi kavu, wenyewe wanakiita Sketchers' Pocket Box. Kinaingia kwenye mfuko wa koti bila shida. Na siwafichi: kwa mtu anayechora treni kwa kujifurahisha, kinatosha. Pesa itakayobaki ipeleke kwenye karatasi. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Anayetaka kujua sababu abaki, maana humu ndani kuna vidonge viwili vinavyobeba kazi yote, na kuna kimoja ambacho kwangu mimi ni cha bure kabisa.

Tuelewane kwanza kuhusu daraja. Cotman ni rangi ya wanafunzi. Kampuni hiyo hiyo, ambayo ilianzishwa London mwaka 1832, ina rangi za daraja la juu ambazo bei yake inakufanya ukae chini kwanza. Tofauti kubwa iko kwenye unga wa rangi wenyewe: kiasi chake na aina yake. Ukiona jina la kidonge limemalizikia na neno "Hue", jua kwamba unga ghali umeondolewa na mwingine wa bei nafuu umewekwa mahali pake. Kwa hiyo hii njano iliyoandikwa Cadmium Yellow Pale Hue haina kadmiamu yoyote.

Sasa anayechora maua au vitambaa vya khanga atalalamika, na ana haki. Lakini sisi tunachora nini? Masizi, kutu, vumbi, mafuta mazito, kokoto, mbao za mataruma. Hizo ni rangi za udongo, na rangi za udongo ni za bei nafuu hata kwenye daraja la juu. Mtengenezaji hana sababu ya kuzichakachua. Burnt Sienna ya kahawia nyekundu, Yellow Ochre ya njano ya udongo, Burnt Umber ya kahawia iliyokolea, na pamoja nazo Ultramarine, ile buluu, ambayo siku hizi hutengenezwa kiwandani na haina gharama ya kutisha: hapo ndipo rangi ya mwanafunzi inapokaribiana sana na ya bwana mkubwa. Ndiyo maana mchora treni ana bahati ambayo mchora maua hana.

Hebu nisogeze kamera. Mnaona? Hapa kushoto naweka Ultramarine, kulia Burnt Sienna, na katikati naziacha zikutane zenyewe kwenye karatasi yenye unyevu. Sikorogi. Tazameni katikati pale. Hiyo ni nyeusi, na ina uhai. Ukizidisha buluu unapata kijivu cha chuma baridi, ukizidisha kahawia unapata kijivu cha chuma kilichopigwa jua na kuota kutu. Halafu ikianza kukauka, Ultramarine inatua kwa punjepunje kwenye mashimo ya karatasi, na zile punje zinafanana na masizi bila wewe kuhangaika. Mkinunua chapa nyingine, geuzeni kidonge mtafute msimbo PB29. Huo ndio Ultramarine, jina lolote watakalolipamba nalo.

Humu hamna nyeusi, na mimi nasema afadhali. Mtu akishakuwa na nyeusi, kichwa chote cha treni anakipaka nyeusi, kisha anashangaa mbona kimekaa bapa. Chuma cheusi cha nje hakiwi cheusi. Sehemu ya juu ya boila, lile pipa kubwa la kuchemshia maji, inarudisha mwanga wa mbingu, kwa hiyo ina buluu. Tumboni, karibu na magurudumu, inapokea joto la kokoto na vumbi, kwa hiyo inaelekea kwenye kahawia. Ukiliona hilo mara moja huwezi tena kutoliona.

Haya, tuijaribu kazini. Nimechagua garimoshi lisilo na huruma kwa mchoraji: namba 5918, Mount Gelai, lile kubwa lililopo Makumbusho ya Reli ya Nairobi, nyuma ya stesheni. Kwa wasiolijua, hili ni la daraja la 59 la reli ya Afrika Mashariki. Beyer, Peacock wa Manchester walijenga 34 katikati ya miaka ya 1950, kila moja likapewa jina la mlima wa kwetu. Ni aina ya Garratt: mbele kuna seti ya magurudumu na silinda zake, nyuma kuna nyingine, na boila limelala katikati kama daraja. Tani 252, kwenye reli ya mita moja. Hakuna garimoshi la mvuke la reli ya upana huo lililowahi kuwa na nguvu kulishinda.

Mtego wake ni vipimo. Boila lina kipenyo cha karibu mita 2.3, na reli chini yake zimeachana mita 1. Yaani mwili ni zaidi ya mara mbili ya upana wa njia. Macho yako yatakataa. Mkono utataka kulipunguza boila au kuzitanua reli, ili lionekane halitaanguka. Usiusikilize. Pima kwa penseli, mkono umenyooka, jicho moja limefumbwa, uandike unachokiona. Nimeshaona michoro mingi ya magarimoshi haya yaliyofanywa membamba yakawa kama ya kuchezea watoto.

Na usisimame ubavuni. Urefu wake ni kama mita 32. Ukilichora lote kwa ubavu unapata utepe mrefu na nafasi tupu juu na chini. Nenda karibu na pembe ya mbele, ukae chini kidogo, tangi la maji la mbele lije kukufunika, halafu boila na sehemu ya nyuma vipungue kuelekea mbali. Magurudumu hapo hayatakuwa duara tena, yatakuwa mayai yaliyosimama, na kila moja jembamba kuliko la kabla yake. Hayo nayachora kwa penseli kwa subira kabla sijagusa maji.

Rangi ya mwili ni damu ya mzee. Kisandukuni haimo, inatengenezwa. Naanza na Burnt Sienna nyepesi juu ya tangi lote, nikiuruka ule mstari wa mwanga wa juu, naiacha ikauke kabisa. Kisha juu yake nachanganya Alizarin Crimson Hue, ile nyekundu iliyokolea, kwa wingi, Burnt Sienna kidogo, na chembe ya Ultramarine kwenye upande wa kivuli. Hapa neno "Hue" linatusaidia, kwa kweli. Alizarin ya asili ina sifa mbaya ya kupauka ikikaa kwenye mwanga. Hii ya humu imetumia unga mwingine unaostahimili zaidi, kwa hiyo mchoro ukiutundika sebuleni hautarajiwi kuchuja haraka. Ninachokiona kwenye hiyo Alizarin ni kwamba ikikauka inapungua nguvu, inabidi upake tena. Mpako mmoja wa daraja la juu, kwa Cotman ni miwili au mitatu. Kumbukeni hilo, maana ndilo linalotupeleka kwenye karatasi.

Ila kabla ya karatasi, kile kidonge cha bure. Ni hiki cheupe, Chinese White. Watu wanakinunulia mvuke. Jamani, mvuke haupakwi, unaachwa. Mvuke ni karatasi yenyewe. Unapaka mbingu na mlima nyuma yake, unapofika ukingo wa wingu unalainisha kwa brashi safi yenye maji, basi, mvuke huo. Ukiuweka kwa nyeupe unapata kitu kama chokaa iliyomwagika. Moshi ni jambo jingine: haya ya daraja la 59 yalichoma mafuta mazito, kwa hiyo moshi wake nauweka kijivu cha kuelekea kahawia, ule ule mchanganyiko wetu wa vidonge viwili ukiwa na maji mengi, unaopakwa wakati mbingu ingali mbichi. Kidonge cheupe nimekitoa, mahali pake nikaweka Payne's Grey, kijivu cha kuelekea buluu, kwa ajili ya mbingu za mvua. Nafasi zinabadilishika, kidonge unakisukuma tu kinatoka.

Basi, karatasi. Hapa ndipo nimeona watu wakikata tamaa na kuzilaumu rangi. Buku la kuchorea la gramu 120 kwa mita ya mraba likipata maji linajikunja mawimbi. Ukichora mnazi, mawimbi hayajulikani. Ukichora treni, boila linapinda, reli zinapinda, na macho ya binadamu hayasamehe reli iliyopinda. Anza na gramu 300. Chini ya hapo utahitaji kuilowesha karatasi na kuibandika kwenye ubao kwa utepe wa gundi, na wengi wetu hatuna subira hiyo.

Gramu 300 nazo ziko za aina mbili. Za mbao, mfano Bockingford ya Uingereza: nzuri kwa mazoezi, na zina faida kwamba rangi inainuka kwa urahisi, kwa hiyo ukikosea ukingo wa dirisha la behewa unalowesha, unafyonza, unaendelea. Lakini faida hiyo hiyo inakugeuka ukipaka mpako wa tatu, wa chini unaanza kuinuka na kuleta tope. Za pamba tupu, mfano Arches ya Ufaransa, zinavumilia mpako juu ya mpako. Ndiyo maana nasema rangi ya mwanafunzi juu ya karatasi ya bwana inafanya kazi, na kinyume chake hakifanyi. Rangi za daraja la juu kwenye karatasi mbovu ni kutupa hela. Chagua yenye uso wa vinyweleo vya wastani: brashi iliyokaribia kukauka, yenye Burnt Sienna nzito, ukiipitisha kwa ubavu inagusa vilele tu, na kutu inajichora.

Brashi iliyomo kisandukuni ni ya safari. Inafaa kwa daftari, haiwezi kupaka mbingu. Ongeza mbili: moja ya mviringo namba 8, na moja ndefu nyembamba ile ya mistari. Hiyo ya mistari wenzangu wa Dar mtaihitaji kuliko mimi. Treni yenu ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024, haina mvuke wala kutu; ina nyaya juu na nguzo zinazopungua mpaka mbali, na waya ukitetemeka mchoro wote unaonekana umetetemeka. Vuta kwa bega, siyo kwa vidole. Na mnayo TAZARA pia, reli ya kwenda Zambia, msiisahau. Mabehewa yaliyopigwa jua ni kazi tamu kwa Yellow Ochre.

Jambo dogo: ukitaka kuchora stesheni inayofanya kazi, omba ruhusa kwanza. Ukifika na kiti na ubao bila kusema na mtu, siku yako itaishia kwenye maelezo. Makumbusho unalipa kiingilio na unakaa.

Na ninyi wa Mombasa, Tanga, Unguja: msifunge kifuniko vidonge vikiwa vibichi. Unyevu wa pwani ukikutana na kidonge kibichi ndani ya plastiki, ukungu unaota. Viacheni wazi usiku kucha.

Swali la mwisho, maana najua litakuja: je, ninunue kile cha vidonge 24? Hapana. Utapata kijani za ziada na zambarau ambazo Mount Gelai haina. Tofauti ya bei inunulie karatasi chache za pamba, uzikate nusu, na pande zote mbili utumie.