Uzoefu wangu: baiskeli ya kulalia kwenye tambarare za Flevoland, baada ya kilomita 9,000

Hii ni baiskeli ambayo mpandaji anaegemea kama yuko kwenye kiti cha uvivu, pedali zikiwa mbele yake na miguu imenyooka juu ya gurudumu la mbele. Waholanzi wanaiita ligfiets. Yangu ina gurudumu la mbele la inchi 20 (kwenye tairi imeandikwa 406), la nyuma inchi 26 (559), usukani juu ya mapaja, springi nyuma, gia 27, na uzito wa kilo 17 bila mizigo. Matumizi ni ya kila siku: kazini, sokoni, na safari ndefu za Jumamosi kwenye matuta ya kuzuia maji ya Flevoland, mkoa wa Uholanzi uliokaushwa kutoka chini ya maji.

Huko ndiko baiskeli hii inakolipa gharama yake. Nchi ni sawa kama sinia na hakuna cha kukinga upepo. Ukali wa upepo unapanda kwa mraba wa kasi, na kwenye baiskeli ya kawaida kifua ndicho tanga. Ukilala, tanga limeshushwa. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya namna hii, iliyoundwa na Charles Mochet, akafika kilomita 45.055 kwa saa moja na kuvunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1914. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaziondoa kwenye mashindano yake. Naamini uamuzi ule ndio uliozinyima karakana na wanunuzi mpaka leo.

Mlima ni habari nyingine. Huwezi kusimama kwenye pedali ukaweka uzito wa mwili. Shusha gia mapema, zungusha miguu haraka, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika. Anayelazimisha gia nzito huku mgongo umekaza kitini anaumiza magoti. Kuondoka pia kunahitaji mazoea: kabla ya kusimama weka gia nyepesi, kisha pedali moja iwe juu, imepita kidogo tu kilele chake, egemeza kichwa, sukuma kwa nguvu moja, mguu wa pili ufuate. Usivute usukani. Wengi wanaoyumba mita kumi za mwanzo wameukaba usukani kwa mikono miwili.

Kabla ya yote, pima urefu wa mkono wa baiskeli, yaani chuma cha mbele kinachobeba pedali. Kaa, mgongo uguse kiti chote, weka kisigino kwenye pedali iliyo mbali kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuhama. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakuwa limekunjika kidogo. Mkono ukiwa mfupi, goti linauma kwa mbele. Ukiwa mrefu, linauma kwa nyuma. Zungushia mkono utepe mahali ulipopatia, kwa sababu klampu ikilegea mkono unarudi nyuma polepole bila wewe kujua. Na kumbuka hesabu hii: ukiusogeza sentimita 1, cheni inataka sentimita 2, kwa kuwa inakwenda na kurudi. Pingili mbili ni milimita 25.4, kwa hiyo zinatosha kwa milimita 12.7 za mkono.

Sasa cheni yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoichukia au kuipenda baiskeli hii. Yangu ina pingili 300, yaani mita 3.81. Nilinunua cheni tatu za pingili 114, nikakata, na zile 42 zilizobaki ndizo akiba ya barabarani. Upande unaovuta unapita kwenye kapi lenye meno chini ya kiti. Upande unaorudi unapita ndani ya bomba la plastiki ili mafuta yasiguse suruali. Uzuri wake ni kwamba kila pingili inapita kwenye meno mara chache kuliko kwenye cheni fupi, hivyo inadumu zaidi. Ubaya ni kwamba watu hawaifikii yote. Nikiwa kwenye sproketi ya mbele ya meno 39, lazima nizungushe pedali karibu mara nane ndipo cheni nzima ipite mbele ya chupa ya kilainishi. Anayezungusha mara tatu kama alivyozoea ameacha zaidi ya nusu ikiwa kavu, na itapiga kelele siku hiyohiyo.

Mafuta mazito usiyatie. Yanakokota mchanga hadi ndani ya bomba, na mchanga na mafuta vikikutana ni msasa. Natumia nta ya maji: kila kilomita 200 nafuta kwa kitambaa kikavu, naweka tone moja kwa kila pingili jioni, naacha ikauke usiku kucha. Kuchakaa napima kwa rula: pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8, zikifika 306.3, cheni inatoka. Kipimo hicho kinaonekana kidogo, lakini kwenye mita 3.81 ni karibu sentimita 2 za ulegevu, na gia huanza kuruka.

Bomba linaharibika mdomoni. Cheni inakwangua ukingo mpaka unakuwa na makali, halafu bomba linaanza kusukumwa na cheni na kuguna. Dawa ni kukata milimita chache, kupasha ncha kwa hewa ya moto na kuitanua kwa kitu chenye umbo la pia, mdomo ukae kama wa tarumbeta. Kapi nalo lina beringi namba 608 (tundu milimita 8, nje 22, unene 7), ileile ya viatu vya magurudumu, bei yake ndogo. Ukisikia mlio kama wa mchanga chini ya kiti, badilisha beringi kabla haijakaba. Meno ya kapi yakichongoka kama ya papa, kapi limekwisha.

Tairi la mbele linakwisha haraka: kwa kilomita moja linazunguka mara 655 hivi, la nyuma kama mara 500. Naweka upepo wa psi 70 (kipimo cha shinikizo). Breki za diski hazina jipya, ila ukikaba ya mbele juu ya majani yaliyolowa, gurudumu dogo linateleza na hakuna muda wa kushusha mguu.

Kiti kigumu chenye sponji ya matundu ni bora kuliko sponji nene, kwani mgongo unatoa jasho. Ganzi ya nyayo nimeiondoa kwa kurudisha kikwamisho cha kiatu (kile kinachonasa kwenye pedali) nyuma kama milimita 8. Taa ya mbele ifungwe mbele ya pedali. Ukiiweka kwenye usukani, miguu yako inakata mwanga kila mzunguko. Kioo cha pembeni ni lazima, kwa sababu shingo haigeuki vya kutosha, na bendera ndefu pia ni lazima, kwa sababu macho yako yako kama mita moja kutoka ardhini.

Kimo hicho kinabadilisha unachokiona. Shingo haikunjwi, hivyo hutazami gurudumu, unatazama mbele na mbinguni. Mwezi wa tisa mahindi yanakufungia kila kitu, lakini juu ya tuta kondoo wanakutazama usoni na koikoi wa mtaroni hahami. Safari ninayoipendekeza ni kutoka mji wa Dronten hadi Schokland kupitia daraja la Ketelbrug. Schokland kilikuwa kisiwa. Watu wake waliondolewa mwaka 1859, na bahari iliyokizunguka ikawa mashamba mwaka 1942. Unafika ukiwa chini, kwenye sakafu ya bahari ya zamani yenye viazi, na kanisa liko juu ya kilima chake, limezungushiwa ukuta wa magogo uliowahi kuzuia mawimbi.

Anayefikiria kuisafirisha Afrika Mashariki: tairi la 406 ni la BMX (baiskeli ndogo za michezo), la 559 ni la baiskeli ya milimani, na cheni ni ya kawaida. Kapi na bomba beba vya akiba. Lami tambarare ya pwani itakufaa. Mchanga mlegevu hapana, gurudumu la mbele linazama na kuteleza. Katikati ya malori na bodaboda ningekataa.

Mpya zinaanzia juu ya yuro 2,000. Zilizotumika zipo chini ya 1,000. Ukienda kuangalia iliyotumika, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali taratibu huku umeshika bomba la cheni kwa vidole. Likitetemeka sawasawa, ni sawa. Likigonga mahali pamoja kila cheni inapomaliza mzunguko, kuna pingili iliyokaza au iliyopinda, na bei ishuke kwa thamani ya cheni tatu.