Muhuri au mwandiko: kipi kilimbana zaidi mghushi wa Roma?

Sheria ya Sulla, mtawala wa Roma, ya mwaka 81 KK iliadhibu wanaoghushi wosia. Kuwanasa ndiyo kazi.

Kwa uimara, naona muhuri ulishinda. Wakati wa Kaizari Nero iliamriwa vibao vya nta (vibao vya kuandikia vilivyopakwa nta) vitobolewe, uzi upitishwe mara tatu kwenye matundu, ndipo mashahidi wapige mihuri juu yake. Mara nyingi maandishi yalirudiwa nje, ili mtu asome bila kukata uzi. Nakala zikihitilafiana, hakimu anafungua ya ndani, na mashahidi wanaitwa kwanza kuitambua mihuri yao. Ulinzi mzuri sana huo!

Lakini una gharama. Wosia ulitaka mashahidi saba, na watu hufa, huhama. Mbao nazo huungua.

Mwandiko ulikuwa rahisi: unaleta karatasi nyingine ya mtu yuleyule, unalinganisha. Udhaifu wake ulidhihirika Armenia, kama Kaizari Justinian anavyoeleza katika sheria yake ya 538 BK: wataalamu walisema miandiko haifanani, kisha mashahidi wakathibitisha kwamba hati ni halali. Mkono wa kijana si wa mzee anayetetemeka, na kalamu na wino hubadilika. Hapo mtu asiye na kosa angeweza kupoteza haki yake.

Kwa wosia utakaofunguliwa mwandishi akiwa kaburini, ningechagua mihuri. Kwa deni dogo kati ya wanaojuana, mwandiko na shahidi mmoja au wawili ungetosha.