Königsberg Ipi? Kununua Vimodeli vya Manowari Bila Kuuziwa Somo Wake

Dohani zilikuwa mbili. Nikahesabu tena, nikaigeuza meli kiganjani, nikaifuta kwa pindo la kanga kana kwamba dohani ya tatu imejificha chini ya vumbi la boksi. Mbili. Nikaona na vibanda vitatu vya mizinga, kila kimoja na midomo mitatu. Hapo nikajua nimeingizwa mjini.

Nilikuwa nimeagiza kimodeli cha Königsberg, manowari ya Wajerumani. Mtu wa pwani hii haulizi Königsberg gani. Ni ile iliyofika Dar es Salaam Juni 1914, ikaipiga Pegasus ya Waingereza pale Unguja asubuhi ya tarehe 20 Septemba, kisha ikajichimbia kwenye delta ya Rufiji hadi Julai 1915. Dohani tatu, mizinga kumi ya sentimita 10.5. Mimi na mpwa wangu tulishatandika kitambaa cha buluu mezani tucheze mapambano hayo, tumekata mikoko ya sponji na kuipaka rangi, dadu zipo, karatasi za data za kila meli zipo. Kilichokuja ni Königsberg nyingine kabisa, iliyoshushwa majini 1927 na kuzamishwa na ndege za Waingereza kule Bergen, Norway, tarehe 10 Aprili 1940.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: umeagiza Königsberg, umeletewa Königsberg. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo.

Wajerumani hurithisha majina ya manowari kama sisi tunavyowapa wajukuu majina ya babu zao. Königsberg zilikuwa tatu ndani ya miaka ishirini na kitu: moja ilishushwa Desemba 1905, ya pili Desemba 1915, ya tatu Machi 1927. Emden nazo tatu. Ya 1908 ndiyo iliyowasumbua Waingereza Bahari ya Hindi mpaka Sydney ya Australia ilipoikomesha visiwa vya Cocos, Novemba 1914. Na hiyo Sydney yenyewe ina somo wake, yaani mwenye jina lilelile, wa 1934! Msomaji mmoja wa Maskati aliniandikia akilalamika kwamba ameuziwa Sydney ya dohani mbili, na ya Cocos ilikuwa nazo nne. Nilimpa pole, nikamcheka kidogo moyoni, na Mungu hakuchelewa kunilipa.

Pegasus ndiyo mtego mbaya kuliko yote. Ile ya Unguja ni kruza, yaani manowari ya mbio, kongwe ya 1897, dohani mbili, mizinga minane ya inchi 4. Ukitafuta kwa jina tu utaletewa meli za kubebea ndege za majini: kuna Pegasus ya 1917, na kuna nyingine ambayo ni Ark Royal ya 1914 iliyopewa jina hilo mwaka 1934. Hebu iweke hiyo bandarini Unguja mbele ya Königsberg uone mchezo utakavyokuwa.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, wala metali dhidi ya resini, wala ugomvi wa kila siku kuhusu skeli ipi (kimodeli kiwe kidogo mara ngapi kuliko meli halisi) inapendeza mezani. Watu wameshaandika hayo mpaka wino umekauka. Mimi nina neno moja: mwaka. Karatasi ya data ya mchezo ina mwaka, kwa sababu anayeandaa mchezo lazima ajue meli ilikuwaje siku ya pambano. Boksi la muuzaji lina jina. Pesa yako inazama hapo katikati.

Na usidhani ukishampata babu sahihi umemaliza. Meli ileile hubadilika. Chukua Severn na Mersey, zile monita mbili za Waingereza, manowari za maji mafupi zenye mizinga mikubwa, zilizoingia Rufiji tarehe 6 na 11 Julai 1915 kuimaliza Königsberg. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, zitembee mitoni, ndiyo maana zilihitaji maji ya kina cha mita 1.7 tu. Zilitoka kiwandani na kibanda kimoja mbele chenye mizinga miwili ya inchi 6. Lakini mizinga hiyo ilichakaa kwa kazi ya pwani ya Ubelgiji, kibanda kikaondolewa, na zilipokuja kwetu zilikuwa na mzinga mmoja omoni (mbele) na mmoja tezini (nyuma). Ukinunua Severn yenye kibanda, umenunua Severn ya Ubelgiji. Kwenye mchezo hilo si urembo: meli yenye mizinga yote mbele na meli yenye mmoja kila upande hazipigi kwa pembe sawa. Yangu niliikwangua kibanda kwa wembe jioni nzima, nikabandika vipande viwili vya sindano ya cherehani. Ukiitazama kwa karibu utaona gundi. Usiitazame kwa karibu.

Warspite ya Waingereza ni hivyohivyo. Ya pambano la Jutland, 1916, ina dohani mbili. Ya Vita vya Pili ina moja. Jina lilelile, chuma kilekile, data mbili tofauti.

Basi kabla hujatoa hata senti, chukua karatasi ya data, rula na kikokotoo. Urefu wa meli kwa mita zidisha kwa elfu, gawanya kwa namba ya skeli (1250 kama skeli ni 1/1250), utapata milimita. Königsberg ya Rufiji ilikuwa mita 115.3. Kwenye 1/1250 hiyo ni milimita 92. Ile ya 1927 ilikuwa mita 174, yaani milimita 139. Ningemwomba muuzaji apige picha meli ikiwa kando ya rula, nisingekuwa naandika haya. Sasa naomba picha ya rula kila mara, na muuzaji anayeona hilo ni usumbufu namshukuru na kumuaga.

Ila angalia usimtukane mtu bure. Vitabu vingine hutoa urefu mzima wa meli, vingine, hasa vya Kiingereza vya zamani, hutoa urefu wa kati ya nguzo mbili za kupimia, ambao ni mfupi zaidi. Pegasus ni futi 313 na nusu kwa kipimo cha kwanza na futi 300 kwa cha pili. Kwenye 1/1250 tofauti yake ni zaidi ya milimita tatu. Niliwahi kumshambulia mtu kwa ajili ya milimita tatu hizo. Nilimwomba radhi baadaye.

Ukimaliza urefu hesabu dohani, kisha mizinga, lakini ihesabu ilivyopangwa. Königsberg ilikuwa nayo kumi: miwili sambamba omoni, miwili sambamba tezini, mitatu kila ubavu. Adui aliye ubavuni anapigwa na mitano: mitatu ya ubavu huo, mmoja wa omoni na mmoja wa tezini. Karatasi ya data ikisema mitano kwa ubavu na kimodeli kinaonyesha mizinga imesimama katikati ya sitaha, hiyo siyo meli yako hata kama jina limechorwa kwa dhahabu.

Sasa tuje kwenye madaraja yangu ya mahali pa kupata vimodeli, kuanzia ninapopapenda zaidi.

Kwanza: Navis, 1/1250. Mimi ni mtu wa Navis, nalisema mapema ili asiyependa aruke aya hii. Ni za metali, za Kijerumani, zimekatwa kwenye usawa wa maji kwa hiyo zinakaa mezani kama zinaelea. Uzuri wa kazi kila mtu ameshausifia. Mimi nawapendea jambo jingine: nyumba hiyo huuza meli za zama za Vita vya Kwanza kwa jina la Navis, na za Vita vya Pili kwa jina la Neptun. Jina la boksi tu limeshakuchujia somo mmoja. Boksi la Navis haliwezi kukuletea Königsberg ya Bergen. Linaweza bado kukuletea ile ya 1915, kwa hiyo rula usiitupe, lakini umeshapunguza hatari. Isitoshe, wakusanyaji wa skeli hii wana desturi ya kuandika mwaka kando ya jina wanapouziana. Ungedhani ni jambo dogo.

Niliyonayo sasa ni yao. Nyaya hazipo, lakini milingoti ipo, dohani tatu zipo, na ile mizinga ya omoni unaiona yote miwili ikiwa sambamba, midogo kama vichwa vya pini. Mpwa wangu aliishika dakika nzima bila kusema neno, na huyo si mtoto wa kunyamaza.

Ubaya ni bei, na hapa lazima niseme, nisiposema nitapasuka. Nauli ya kifurushi kuja Dar ilizidi bei ya meli yenyewe. Meli ya sentimita tisa! Ukimuuliza muuzaji kama anaweza kuifunga kwenye bahasha yenye povu badala ya boksi la kuwekea viatu, anajibu kwamba ndivyo wanavyofanya kwa "nchi za mbali". Nchi ya mbali? Meli hii ilikaa kwetu, ikafia kwetu. Mizinga yake yote kumi ilitolewa mtoni ikaburutwa bara na askari na wapagazi wa Kiafrika kupigana vita ya nchi kavu, na mmoja mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa, ukitaka kuupapasa ni nauli ya basi. Halafu kuna hawa wanaouza mitumba ya vimodeli: wakishaandika "adimu" kwenye tangazo, bei inapanda maradufu, na mara nyingi mlingoti umevunjika na picha imepigwa upande usiovunjika. Ombeni picha ya pande mbili. Ombeni na ya juu.

Pili: kuchapa mwenyewe. Unanunua faili la kompyuta la meli, unatafuta mwenye mashine ya kuchapa vitu kwa resini, tabaka juu ya tabaka. Mimi nilimpata fundi anayetengeneza meno ya bandia, ambaye mashine yake hulala usiku. Alinichapia monita mbili kwa resini ileile ya kijivu anayotumia kwa majaribio ya mataya. Ubora haufikii Navis, na ubavuni utaona mistari ya tabaka ukiinamisha meli kwenye mwanga. Lakini kwa tatizo letu la mwaka njia hii ina faida moja kubwa: meli unaipima kwenye skrini kabla haijawa kitu. Ukikuta kibanda kisichotakiwa, mwenye ujuzi anakifuta, hushiki wembe. Na skeli unachagua mwenyewe, kwa hiyo monita ya urefu wa mita 81.3 ilitoka milimita 65 kamili, ikakaa vizuri kando ya Königsberg yangu ya metali. Kama ningekuwa na fundi wa meno wa pili ningeipandisha hadi ya kwanza. Hapana, nisingeipandisha, lakini ningefikiria.

Tatu: GHQ, 1/2400. Wamarekani wa Minnesota. Kazi safi sana kwa udogo wake, Königsberg kwenye skeli hiyo ni milimita 48 tu. Ukiwa na meza ndogo hawa ndio watu wako. Mizinga ni myembamba kiasi kwamba vidole vya mtoto vikigusa inapinda, na kwangu watoto wapo. Wengi hununua skeli hii kwa darasa zima la meli, si kwa meli moja, kwa hiyo kazi ya kulinganisha mwaka ni yako.

Nne: Navwar, 1/3000. Kwa anayetaka kikosi kizima. Jutland ilikuwa na meli kama 250, huwezi kuzinunua za Navis labda uuze kiwanja. Kwa pambano la Unguja, ambalo lina meli mbili na moja kati yao imetia nanga ikisafisha matangi ya mvuke, sioni sababu.

Hapo niongeze kitu kuhusu data yenyewe. Karatasi nyingi huipa Pegasus kasi ya noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, kasi ya ujana wake. Asubuhi ile kasi yake ilikuwa sifuri. Königsberg ilianza kupiga ikiwa yadi kama 9,000, mizinga ya Pegasus ikawa haifiki. Ukiacha meli ipewe noti 20 ikimbilie kisiwa cha Chumbe, umecheza pambano jingine.

Zile ndogo za 1/6000: Königsberg ni milimita 19, sawa na kokwa ya tende. Zipo, ni rahisi, endelea.

Wa Kigoma wameniuliza kuhusu Ziwa Tanganyika, boti mbili za Waingereza zilizoitwa "Mimi" na "Toutou" dhidi ya Kingani na Hedwig von Wissmann za Wajerumani. Boti "Mimi" ilikuwa na urefu wa futi 40. Kwenye 1/3000 hiyo ni milimita nne, utaipoteza kwenye zulia. Hapo acheni Navis na wote, chapeni kwa skeli kubwa. Graf von Götzen, yaani Liemba yetu, anayeishi Kigoma ana faida ambayo hakuna muuzaji anayeweza kumpa: aende akaipige picha. Ila akumbuke kwamba ya leo siyo ya 1915. Ya 1915 ilifungwa mzinga mmoja wa Königsberg, na baadaye ilizamishwa na wenyewe, ikaopolewa, ikarudi kazini 1927 ikiwa na jina jipya. Mwaka, jamani.

Na ile Königsberg yangu ya Bergen bado ipo rafuni, kwenye boksi lake. Anayecheza Aprili 1940 aniandikie tubadilishane na chochote cha 1914. Dohani mbili, vibanda vitatu, milimita 139. Picha ya rula nitatuma kabla hujaniomba.