Tahadhari: anayeuza bomba lisilo la bati kwa mashine za kukaushia nguo, Bukavu

Ndugu zangu wa Bukavu, hasa ninyi mnaofua nguo za watu au kuendesha nyumba za wageni, ninawaonya juu ya mtu anayezunguka Ibanda na Nyawera akijitambulisha kuwa fundi wa mashine za kukaushia nguo. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa suala hilo limo mikononi mwa mkuu wa mtaa. Ninachotaka mkijue ni namna anavyofanya kazi.

Tulikubaliana dola 160 kwa mita 6 za bomba gumu la bati lililopakwa zinki, upana wa sentimita 10, la kutoa hewa ya moto kutoka kwenye mashine hadi nje ya ukuta. Siku ya kazi nilikuwa sokoni Kadutu. Niliporudi, dari ilikuwa imekwisha kufungwa, na nyuma ya mashine kilionekana kipande kimoja cha bati halisi, kifupi kuliko mkono. Nikalipa salio.

Mwezi haukwisha. Nguo zilizokuwa zikikauka kwa saa moja zikahitaji mbili, dari ikatoa madoa ya unyevu, na jioni moja mashuka yakatoka yakinuka kuungua. Nilizima umeme, nikamwita jirani yangu seremala, tukaifungua dari. Tulikuta bomba la kukunjika, la plastiki nyembamba inayong'aa iliyozungushiwa waya, limelala juu ya mbao kama utumbo, na mdomo wake umeishia humo humo darini. Kila kunjo lilikuwa limejaa manyoya ya nguo, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu. Watoto wangu wanalala chumba cha pili.

Bomba gumu la chuma ni laini ndani, hivyo hewa huyasukuma manyoya hadi nje, na moto ukizuka halitayeyuka kama plastiki. Vipande vyake huunganishwa kwa kuingiza ncha nyembamba kuelekea hewa inakokwenda, kisha kufungwa kwa utepe wa alumini. Yeye alitumia utepe wa kitambaa, ambao joto lilikuwa limekwisha kuubandua, na skurubu ndefu zilizotokeza ndani na kunasa manyoya. Mwenye nyumba ya wageni mmoja aliniambia kuwa kwake bomba lilifika nje, lakini mdomo ulizibwa kwa wavu, eti kuzuia panya. Wavu huo ulijaa manyoya ukaziba kabisa. Kinachotakiwa ni kifuniko chepesi kinachofunguliwa na hewa yenyewe.

Msikubali pia anaposema kwamba urefu na kona si kitu. Kanuni ya ujenzi inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani huweka kikomo cha futi 35, kama mita 10 na nusu, na kila kona ya nyuzi 90 hupunguza futi 5, isipokuwa maelekezo ya mashine yaseme vingine.

Nilipomwita, alidai kuwa hilo ndilo "bati la kisasa" na akataka dola 60 zaidi. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Kabla ya kulipa, libonyezeni bomba kwa kidole gumba, wekeni sumaku, ambayo hunata kwenye bati lililopakwa zinki, na dari isifungwe kabla hamjaona bomba lote. Aliyekwisha kufungiwa na mtu huyu, namsihi asiiwashe mashine mpaka afungue na kutazama.