DDU: dawa ya draiva za kadi ya picha baada ya kuhamia Windows 11

Ukishapandisha kompyuta ya mezani kutoka Windows 10 hadi 11, kioo kikaanza kupepesa au kikagoma kufika 1920×1080, mara nyingi mabaki ya draiva ya zamani (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kadi ya picha) yanagongana na mpya. Kuiondoa kwa njia ya kawaida huacha mafaili nyuma. DDU (Display Driver Uninstaller), programu ya kufuta draiva za kadi ya picha, huyafagia, iwe kadi ni NVIDIA, AMD au Intel, na ni ya bure.

Kwanza pakua DDU na draiva mpya uziweke kwenye flashi. Kisha chomoa waya wa intaneti na uzime Wi-Fi. Wengi huruka hapa, halafu Windows Update inaingiza draiva yake kabla hujamaliza. Shikilia Shift ukibofya Restart, nenda hadi Startup Settings, bonyeza 4 uingie Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayosimba data ya diski), uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi, la sivyo unaweza kukwama hapo hapo. Ndani ya DDU chagua GPU (kadi ya picha) na kampuni yake, bofya "Clean and restart". Kioo kikiwaka na maandishi makubwa, usishtuke: hiyo ni draiva ya msingi ya Microsoft. Sakinisha mpya, ndipo urudishe intaneti.

Haifai kuitumia kila sasisho likitoka, wala haitibu kadi iliyoungua.